Mbuga ya Wembere na Maji Yasiyokwenda Baharini

Mtu atokaye Singida mjini akaishika njia ya Ihanja hupita kati ya mawe makubwa ya itale, yaliyotuama juu ya ardhi kama ng'ombe waliolala wakicheua. Ihanja ni kata katika Wilaya ya Ikungi, nayo imo katika nchi ya Wanyaturu wa sehemu iitwayo Wahi. Ukisimama hapo mwezi wa Agosti huoni hata dalili ya ziwa wala bwawa; miti imepukutika, vumbi limetanda, na wanawake wachota maji katika visima vya kuchimba. Rudi mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimeshika, utavikuta vijito kila bondeni, na maji yakiteremka kutoka uwandani kuelekea machweo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo hata mtoto mchungaji aweza kuuliza: maji haya yaenda wapi?

Swali ni jepesi, lakini liliwahi kumpoteza msafiri mmoja mashuhuri sana, na msafara aliouongoza uliacha makaburi katika nchi hii. Insha hii yataka kueleza kosa lile lilivyotokea, lilivyosahihishwa, na jinsi maji ya upande huu yalivyoendelea kuhesabiwa na watu wa mbali kwa manufaa ya mahali pengine.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya neno moja. Siku hizi neno mbuga likitajwa, wengi huwaza hifadhi ya wanyama, simba na magari ya watalii. Katika nchi ya Singida, Tabora na Usukuma mbuga ni kitu kingine. Ni uwanda wa udongo mweusi, mzito, ambao kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kuweza kumeza mguu wa ndama, na masika hunywa maji hata ukashiba, kisha ukayakataa yakatuama juu. Mbuga haikuumbwa kuwa ziwa, wala haikuumbwa kuwa nchi kavu. Yabadilika pamoja na miezi. Wajuzi wa udongo na mawe walipokuja kutoka Ulaya hawakupata neno lao lililotosha, wakalichukua hili la Kiswahili wakaliandika vivyo hivyo katika vitabu vyao. Ni mojawapo ya mara chache ambapo mgeni alikiri kwamba mwenyeji amekwisha kukipa kitu jina lake.

Wembere ndiyo mama wa mbuga katika sehemu hizi. Kutoka Ihanja ukipita Sepuka na kuendelea magharibi, uwanda wa Singida, ulio juu ya bahari kwa yapata mita 1,500, waanza kushuka, na chini yake yaonekana nchi tambarare isiyo na mwisho machoni, kidogo tu kupita mita 1,000. Upande wa Iramba mteremko huu ni ukuta hasa, na wenye magari makubwa ya mizigo waujua vyema mlima wa Sekenke. Uwanda ulikatika na kuzama zamani, kwa nguvu zile zile zilizopasua Bonde la Ufa. Wembere ni kama ncha ya kidole cha bonde hilo, kinachofifia kikielekea kusini. Maji ya Unyaturu na Iramba hushuka humo kutoka mashariki. Mto Manonga huyaleta ya Unyamwezi na Usukuma kutoka magharibi. Yote hukusanyika kuelekea kaskazini yakaingia Ziwa Kitangiri, na Kitangiri likijaa humwagika kwa Mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi. Eyasi halina mlango wa kutokea. Maji yafikayo huko hunyanyuliwa na jua, chumvi ikabaki.

Hilo ndilo jibu la swali letu, na leo laonekana katika ramani yoyote ya shule. Mwaka 1875 halikuwamo katika ramani hata moja.

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akiwa ametumwa na magazeti mawili, *Daily Telegraph* la London na *New York Herald* la Marekani. Alikuwa na Waingereza watatu, nao ni ndugu wawili Frank na Edward Pocock pamoja na Frederick Barker, na nyuma yao watu zaidi ya 300, wengi wao Waungwana wa Unguja na pwani, waliobeba vitambaa, shanga, bunduki, na mashua iliyokatwa vipande, iitwayo *Lady Alice*. Mashua hiyo yaonyesha nia ya safari. Speke alikuwa ameliona Ziwa Nyanza mwaka 1858 na kusema kuwa ndiko Nile itokako, na mwenzake Burton akamkanusha. Stanley alikuja kulizunguka ziwa na kuumaliza ubishi. Basi alipokuwa bado njiani, majuma mengi kabla ya kuliona ziwa lenyewe, kila kijito alichokivuka alikiuliza swali moja: je, wewe ni wa Nile?

Njia ya kawaida ya misafara ilipita Ugogo ikaenda Tabora. Stanley aliiacha, akakata kaskazini-magharibi kupitia pori mpaka Ituru, nchi ambayo misafara ya pwani haikuizoea. Aliiandika kwa jina la Urimi, naye hapa tumsifu kwa haki, maana Warimi ndivyo wenyeji wajiitavyo, ilhali jina Wanyaturu ni la kuitwa na jirani. Sikio lake lilikuwa zuri. Kosa lake halikutoka masikioni.

Waliingia Ituru mwezi wa Januari, mvua zikinyesha, njaa ikiwa imewamaliza porini. Edward Pocock aliugua homa kali. Akachukuliwa katika machela mpaka mahali Stanley alipopaandika Chiwyu, na huko akafa tarehe 17 Januari 1875. Walimzika chini ya mgunga mkubwa mkongwe, na nduguye akachonga msalaba katika shina lake. Hapo Stanley alitazama vijito vilivyokuwa karibu, akavifuata kwa fikira mpaka mbali sana. Aliamini kwamba maji yale huingia katika mto aliouita Leewumbu, na kwamba Leewumbu hupita katika uwanda wa Luwamberri, kisha huwa Monangah, kisha huwa Shimeeyu, na Shimeeyu humwagika katika Nyanza. Kwa hesabu hiyo kijana yule wa Kiingereza alikuwa amelala kwenye chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote.

Tuyasome majina yale tena kwa utulivu. Luwamberri ni Wembere. Monangah ni Manonga, au angalau sauti yake. Shimeeyu ni Simiyu, mto wa kweli, ambao hutokea upande wa Serengeti ukaenda magharibi mpaka Nyanza karibu na Magu. Kila jina lapo, na kila mto wapo. Kisichokuwapo ni uzi aliowatungia. Aliivuka mito hiyo mmoja baada ya mwingine kwa sababu njia yake ilikwenda kaskazini, akadhani ni mto mmoja uendao naye. Msafiri huyafuata maji mahali anapoyakuta, na katikati hujaza kwa yale anayoyatamani. Tena aliyaona yote mnamo Januari na Februari. Katika miezi hiyo mbuga yote ni maji, na mahali pa tambarare namna ile jicho haliwezi kupambanua kama maji yaenda au yamesimama. Laiti angepita mwezi wa Septemba, angevuka Wembere kwa miguu mikavu, asipate wa kumwita mto.

Kabla ya kushuka mbugani kulikuwa na Vinyata. Jambo hili wanahistoria wengi hulitaja kwa sentensi moja, nami naona kuwa lastahili zaidi.

Msafara ulifika Vinyata tarehe 21 Januari. Nyuma yake alikuwa amebaki mtu mgonjwa wa pumu, Kaif Halleck, aliyeshindwa kwenda mwendo wa wenziwe. Huyu si mtu wa kupitwa hivi hivi. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone, alimkuta Kaif Halleck karibu na Tabora na mfuko wa barua za Livingstone zilizotiwa alama ya Novemba 1870; akamchukua pamoja na mfuko wake mpaka Ujiji, na barua zikamfikia mwenyewe. Mjumbe huyo aliyeziokoa barua za mtu mwingine alikutwa Ituru pembeni ya pori, ameuawa kwa mikuki. Hatujui nani aliyemwua wala kwa neno gani.

Siku mbili baadaye vita vilizuka. Stanley asimulia kuwa watu wake walishtakiwa kuiba maziwa, akalipa vitambaa, wazee wakaridhika, vijana hawakuridhika. Ndugu wawili wa msafara walikwenda kutafuta kuni. Mmoja akarudi na jeraha, wa pili hakurudi. Kisha Wanyaturu wakaishambulia kambi. Stanley alipeleka vikosi nje, na kimoja kilichoongozwa na Farjalla Christie kilikwenda mbali mno kikazingirwa, kikaangamia. Vita vilichukua siku tatu. Msafara ulipoteza watu zaidi ya 20. Waliokufa upande wa Wanyaturu hatuna hesabu yao ya kutegemea. Vijiji vilichomwa moto, na mtama uliokuwamo ghalani ukachukuliwa kuwa chakula cha safari. Haya yote yaandikwa na Stanley mwenyewe, bila kujificha.

Hapa mwanafunzi wa historia hana budi kusimama kidogo. Shahidi wetu ni mmoja, naye ni mkuu wa upande mmoja. Waungwana waliokufa hawakuandika. Wanyaturu waliochomewa nyumba hawakuandika. Tuwafikirie tu: watu wanaoona kundi la mamia, lenye bunduki na njaa, likiingia katika nchi yao mwezi wa Januari. Wakulima wajua Januari ni mwezi gani. Ghala zimepungua, mazao mapya hayajaiva, na maziwa ndiyo yanayowashibisha watoto. Harold Schneider, Mmarekani aliyeandika mwaka 1970 kitabu kizima juu ya uchumi wa Wahi, aeleza jinsi ng'ombe na shamba vilivyofungamana katika nchi hii: samadi ya zizi ndiyo ilishayo shamba la mtama na uwele, na mtama ukizidi hununua ng'ombe. Mtu aliyeiba maziwa Ituru alikuwa ameshika kamba ambayo mwisho wake wa pili umefungwa katika kila kitu. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya vita. Nasema kwamba Stanley, aliyetazama sana maji ya Ituru, hakuwa na nafasi ya kutazama hayo.

Tarehe 26 Januari aliondoka, akapita Iramba, akashuka Wembere, na tarehe 27 Februari akafika Kageyi ufukweni mwa Nyanza. Kitabu chake kilipochapishwa mwaka 1878, mto wake mrefu wa kubuni uliingia nacho duniani, na kaburi la Edward Pocock likakaa kwenye kichwa cha Nile.

Kosa la ramani halifi kwa siku moja. Mwaka 1892 Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, aliondoka Tanga, akapita Umasaini, akaliona Ziwa Eyasi akiwa Mzungu wa kwanza kuliandika. Katika safari hiyo ilianza kufahamika kwamba Wembere na Eyasi ni bonde moja lenye maji yake yenyewe. Lakini hata Baumann hakuwa amepona ugonjwa wa zama zake. Kitabu chake cha mwaka 1894 kina jina la chanzo cha Nile, alichodai kukiona mbali kabisa, huko Burundi. Aliyekata shauri ni Erich Obst, mwanajiografia wa Kijerumani aliyezunguka Unyaturu, Iramba na Wembere kati ya mwaka 1910 na 1912. Kazi yake kubwa aliipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa, nchi isiyo na mtoko wa maji. Miaka 35 baada ya Vinyata, Unyaturu uliondolewa katika mto wa watu wengine.

Lakini je, elimu hii ilihitaji kungoja Obst? Wasukuma walikuwa na misafara ya chumvi iliyokwenda Eyasi kila kiangazi, na habari zake zilichapishwa mwaka 1938 katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*. Aendaye Eyasi kuchukua chumvi ajua kwamba ziwa lile halitoki. Lingetoka, chumvi isingekuwapo. Elimu ya chumvi ndani yake ina elimu ya maji. Wataturu waliochunga mbugani walijua ni siku gani ya mwaka mbuga yapitika na siku gani hupiteki. Pengine kosa lisingetokea kama swali lingekuwa, maji haya yaishia wapi, badala ya, mto huu ni wa Nile au siyo. Aulizaye ndiyo au siyo hujibiwa ndiyo, hasa akiwa na bunduki mkononi.

Yupo shahidi mwingine ambaye hakuulizwa, naye ni samaki. Katika maji ya chumvi ya Kitangiri, Eyasi, Manyara na Ziwa Singida lenyewe yuko perege mmoja ambaye wataalamu humwita *Oreochromis amphimelas*, aliyepewa jina la kitaalamu na Hilgendorf mwaka 1905. Hakutokea katika Nyanza. Ni mwenyeji wa maziwa haya yaliyofungwa, amezoea chumvi na jua kali, na kule kuwapo kwake katika maziwa mengi yaliyotengana kwatufanya tuwaze kuwa zamani maji haya yalikaribiana zaidi kuliko leo. Chini ya bonde la Manonga imechimbuliwa mifupa ya viboko, tembo wa kale, mamba na samaki walioishi ziwani yapata miaka milioni nne au tano iliyopita. Kumbe mbuga ni ziwa lililokufa, ambalo kila masika hujaribu kufufuka.

Na hilo si la kale kuliko yote. Katika uwanda huu huu wa Singida, magharibi ya mji, kuna mahali paitwapo Mahenge. Zamani mno moto wa chini ya ardhi ulilipuka hapo, ukapasua itale ukaacha shimo la duara. Mawe yake ni ya jamii ile ile iletayo almasi huko Mwadui. Shimo likajaa maji. Lilikuwa refu kwenda chini na tulivu, tope lake laini likashuka kidogo kidogo, na kila kilichozama kikalala pasipo kuguswa. Umri wake wapimwa kuwa miaka milioni 46. Humo wamekutwa samaki wadogo wa jamii ya perege na sato, jamii ambayo leo imejaza maziwa makuu yote ya Afrika, nao ni wa kale sana miongoni mwa wote wa jamii hiyo waliowahi kuonekana popote. Mwaka 2000 walipewa jina la *Mahengechromis*. Kabla yao, mwaka 1967, samaki mwingine wa hapo alikwisha kuitwa *Singida*, hivyo jina la mkoa huu lasomwa katika vyumba vya makumbusho na watu wasiojua kama pana mji wa jina hilo. Yumo pia popo, na majani ya miti ya jamii ya kunde. Wataalamu walioyapima majani hayo walikadiria kuwa mvua ya wakati ule ilikuwa karibu milimita 660 kwa mwaka. Mkulima wa Ihanja akiambiwa kiasi hicho hashangai hata kidogo. Ndiyo mvua aijuayo, ile isiyotosha katika mwaka mbaya na kutosha katika mwaka mzuri.

Turudi katika mambo ya watu. Kosa la Stanley liliposahihishwa, mtu angetegemea kwamba Wembere ingeachwa ikae na maji yake. Haikuwa hivyo. Wajerumani walipopima waliona jambo ambalo lilikuwa kinyume kabisa cha Stanley: Nyanza iko mita 1,134 juu ya bahari, na Wembere iko chini ya hapo. Maji ya Wembere hayawezi kupanda kwenda Nyanza, lakini ya Nyanza, yakikatiwa njia, yaweza kushuka mpaka Wembere. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza walipanga kuchimba mfereji, wainyweshe mbuga maji ya ziwa, wapande pamba kwa ajili ya viwanda vya kwao. Katika karatasi mbuga ilikuwa nchi tupu, na neno tupu lilikuwa na maana ya kwamba waliokuwamo hawakuhesabiwa: wachungaji Wataturu, Wanyaturu walioshusha ng'ombe kiangazi, wavuvi wa Kitangiri. Vita vilikuja, Wajerumani wakaondoka, na alama waliyoiacha upande huo ikawa ya namna nyingine. Dhahabu ya Sekenke, pembeni mwa Wembere, ndiyo iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo.

Wazo la mfereji halikufa. Lilizungumzwa tena zama za Waingereza, nalo likagota katika jambo ambalo lingemchekesha Stanley. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wake haitajengwa kazi yoyote juu ya Nile, matawi yake wala maziwa yake, itakayoipunguzia Misri maji, pasipo ridhaa ya Misri. Tanganyika haikuulizwa. Kwa hiyo Wembere, ambayo si ya Nile, ilinyimwa maji kwa sababu ya Nile. Tanganyika ilipopata uhuru wake, serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani tarehe 4 Julai 1962 kwamba haitambui kufungwa na mapatano yale. Ni barua fupi kuliko umuhimu wake, nayo husomwa hata sasa na wanafunzi wa sheria za mataifa.

Mfereji wa pamba haukuchimbwa kamwe, nami sioni sababu ya kuusikitikia. Mbuga ingali ikifurika na kukauka kwa zamu zake. Katika miaka ya mvua nyingi ndege wa majini hukusanyika humo kwa makundi makubwa sana kujenga viota, na katika miaka ya ukame husahau njia. Mpunga umeingia mahali palipokuwa malisho, makundi ya ng'ombe yameongezeka, na wakulima na wachungaji hugombana juu ya ardhi ambayo nusu ya mwaka haikaliki. Shirika la Maendeleo ya Petroli la Tanzania nalo limekuwa likichimba visima vya majaribio katika Eyasi na Wembere, likitafuta mafuta katika tope lile la ziwa la kale. Mito yote hii na maziwa yake leo husimamiwa pamoja kwa jina la Bonde la Kati, na ofisi yake iko Singida mjini, mwendo mfupi kutoka ufukwe wa chumvi wa Ziwa Kindai.

Mwaka 2004 Tanzania ilianza kulaza bomba kutoka Ihelele, katika ufukwe wa Nyanza upande wa Misungwi, mpaka Shinyanga na Kahama. Maji yalikwisha kufika huko mwaka 2009, na bomba likaendelezwa kusini. Katika miaka ya mwanzo ya 2020 maji hayo yalifika Nzega, Tabora na Igunga. Igunga imekaa kati ya Manonga na Wembere. Mama anayefungua bomba pale asubuhi, akaosha vyombo na kuyamwaga maji uani, amwaga maji ya Nyanza, ambayo yangeachwa yangetoka Jinja yakapita Sudani mpaka Misri. Yasiponywewa na jua, yateremka mbugani, yaingia Kitangiri, yapita Sibiti, yaenda kuwa chumvi Eyasi.